Kukaa Ujerumani kwa Kibali

Siku hizi koo nyingi za nchi zetu zina mtoto wao aliyevuka bahari. Huyu amekwenda kusoma, yule amekwenda kujifunza kazi ya uuguzi, na mwingine amemfuata mumewe. Wengi wako Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 serikali ya Kenya na serikali ya Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya watu wanaotaka kwenda kufanya kazi huko, na wazazi wamekuwa na maswali mengi. Swali lililo kubwa ni hili: Mtoto akiisha kupata viza, si mambo yamekwisha? Ndiyo sababu twaandika habari hizi, maana akiisha kupata viza mambo hayajafika hata nusu, na anayedhani yamekwisha aweza kupotewa na yote aliyoyagharimia.

Viza ni karatasi inayobandikwa katika pasipoti na ubalozi wa Wajerumani, ulioko Nairobi na Dar es Salaam. Kazi yake ni kumwingiza mtu nchini. Mara nyingi ni ya miezi mitatu au sita, pengine ya mwaka mzima, na tarehe ya mwisho imeandikwa juu yake waziwazi. Kabla ya tarehe hiyo kupita, mwenye viza sharti aombe kibali cha ukaazi, na kibali hicho ndicho kinachompa haki ya kukaa na kuendelea na jambo lililompeleka. Twasema habari ya viza ya kukaa, ile ambayo mtu ameipata kwa ajili ya masomo, au kazi, au ndoa. Viza ya matembezi, ile isiyopita siku 90, ni kitu kingine kabisa. Wako mawakala wanaowaambia vijana, "Nenda kwa viza ya matembezi, ukifika utaibadili." Maneno hayo yameuza mashamba ya watu bure, maana kwa kawaida aliyeingia hivyo huambiwa arudi kwao akaombe upya ubalozini.

Tena kibali hakiombwi mara tu mtu ashukapo katika ndege. Kwanza aandikishe nyumba anamokaa. Sheria ya nchi ile yamtaka kila mtu, mwenyeji na mgeni, ajiandikishe katika ofisi ya mji katika muda wa majuma mawili tangu siku aliyohamia, na asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini hata euro 1,000. Aende na pasipoti yake, na karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba ya kwamba huyu kweli amehamia kwangu. Hapo wengi hukwama. Kijana amepokewa na rafiki, analala sebuleni kwa wema wa rafiki, lakini rafiki hawezi kumtolea karatasi kwa sababu mwenye nyumba hajui habari zake. Wengine hushawishiwa kununua anwani ya uongo. Wasinunue. Anayetoa anwani kwa mtu asiyekaa pale aweza kutozwa hata euro 50,000, na aliyeinunua huanza maisha yake mbele ya serikali kwa uongo ulioandikwa katika faili lake. Yafaa habari ya nyumba na karatasi yake iulizwe kwa barua kabla ya kununua tikiti.

Na hapa tuseme neno dogo juu ya sanduku la barua, ingawa wengine watacheka. Kwetu barua huja kwa sanduku la posta, na habari za haraka huja kwa simu au kwa kinywa cha mtu. Kule tarishi huleta barua mpaka mlangoni, naye hutafuta jina lililobandikwa juu ya sanduku. Asipoliona jina, huirudisha barua ilikotoka. Mtu akaaye kwa shangazi yake mwenye jina la mume wa Kijerumani, asipobandika jina lake mwenyewe chini ya lile la shangazi, ofisi zaweza kumwandikia mara tatu wala asijue. Barua za ofisi zilizo nzito huja katika bahasha ya manjano, na tarishi huandika juu yake siku aliyoitia sandukuni. Tangu siku ile muda umeanza kuhesabiwa, hata kama mwenye barua yuko safarini au anaogopa kuifungua. Ikiwa ndani mna neno la kukataliwa, chini yake pameandikwa namna ya kupinga, na ni mahali gani, na katika muda gani. Mara nyingi ni mwezi mmoja. Bahasha yenyewe isitupwe, kwa kuwa ile tarehe iko juu yake.

Ofisi inayotoa kibali huitwa Ausländerbehörde, ndiyo ofisi ya wageni. Neno hilo mgeni alizoee, kwa kuwa ataliona katika barua nyingi. Katika mji wa Berlin jina lilibadilishwa mwaka 2020, ikawa Landesamt für Einwanderung. Sheria ya ukaazi ni moja kwa nchi nzima, nayo ilianza kazi tarehe 1 Januari 2005, lakini kila mji au wilaya ina ofisi yake na desturi zake. Mji mmoja hupokea maombi kwa intaneti tu, mji wa pili wataka barua, wa tatu wataka mtu mwenyewe. Kwa hiyo binamu aliye Hamburg, ingawa ana miaka kumi huko, hawezi kumwambia aliye Leipzig ni fomu gani ya kujaza. Mtu akihamia mji mwingine hujiandikisha upya, na faili lake humfuata, lakini faili huenda polepole kuliko mtu. Haifai kuhama wakati ombi li karibu kujibiwa, kama si lazima.

Miadi ya kuonana na karani ni shida kubwa katika miji mikubwa. Yaweza kuwa baada ya miezi miwili, au mitatu, au hata zaidi. Basi anayefika aanze kutafuta miadi katika juma lile lile alilojiandikisha, asingoje viza ibaki na siku kumi. Tena asitegemee kwamba kuomba miadi ni sawa na kuomba kibali. Akiona tarehe inakaribia naye hajaitwa, na aandike ombi lenyewe, aseme waziwazi naomba kibali cha ukaazi kwa sababu hii, atie nakala za hati zake, alipeleke kwa njia ambayo itamwachia ushahidi wa siku lilipofika. Miadi ya ofisi haiuzwi. Anayeiuza kwa euro hamsini au mia ni mlaghai, hata akiwa ni mtu wa kwetu, na twasikitika kusema kwamba kila taifa lina walaghai wake wanaowinda watu wa lugha yao wenyewe.

Siku ya miadi mtu hufika na pasipoti, cheti cha kuandikishwa nyumba, mkataba wa pango, na uthibitisho wa bima ya afya, maana bila bima hakuna kibali. Picha zamani zilikuwa za karatasi, lakini tangu Mei 2025 zatakiwa zile zinazopelekwa ofisini kwa umeme, zilizopigwa ofisini hapo hapo au kwa mpiga picha aliyekubaliwa. Zaidi ya hayo huonyesha sababu ya kukaa kwake. Mwuguzi ataonyesha mkataba wa kazi na cheti cha kutambuliwa kwa elimu yake, na mwanafunzi wa chuo ataonyesha hati ya kupokelewa chuoni. Mke aliyemfuata mume ataonyesha cheti cha ndoa na mshahara wa mume. Na kwa kawaida huwa amekwisha kufaulu mtihani wa kwanza wa Kijerumani tangu alipokuwa kwao. Majina yote yalingane. Ikiwa pasipoti yasema Mwanaidi na cheti cha kuzaliwa chasema Mwanahidi, karani wa huko hajui kwamba ni mtu mmoja, wala kazi yake si kukisia. Makosa ya namna hiyo husahihishwa upesi zaidi mtu akiwa bado nyumbani.

Juu ya riziki serikali ile ni kali, yataka kujua mgeni atakula nini. Kwa mwanafunzi hesabu ya mwaka 2025 ilikuwa euro 992 kwa mwezi, ndiyo 11,904 kwa mwaka, nazo huwekwa benki katika hesabu iliyofungwa. Wazee na walisikie jambo hili vizuri, kwa sababu limeweza kuleta ugomvi katika nyumba. Fedha zile mara nyingi ni za ukoo mzima. Mjomba ameuza ng'ombe, mama amekopa katika chama, kaka ametoa akiba. Halafu miezi miwili haijapita, mmoja wao anaandika, "Nitumie kidogo katika zile zilizoko benki." Hawezi. Benki humtolea fungu la mwezi tu, na fungu lile ndilo kodi ya nyumba yake, na bima, na mkate. Mwanafunzi aruhusiwa kufanya kazi, tangu Machi 2024 siku nzima zisizozidi 140 kwa mwaka au nusu siku 280, lakini akizidisha ili awapelekee watu wa nyumbani, amekihatarisha kibali ambacho ng'ombe wa mjomba alikinunua.

Ada ya kibali cha kwanza ni euro 100, na ya kuongeza muda kwa zaidi ya miezi mitatu ni euro 93. Mtoto hulipa nusu. Karani huchukua alama za vidole viwili, na kibali huchapwa Berlin katika umbo la kadi ndogo yenye chipu ndani yake. Kadi za namna hii zilianza tarehe 1 Septemba 2011. Kabla ya hapo kibali kilibandikwa katika pasipoti kama viza. Huchukua majuma kadhaa kufika. Pamoja na kadi mara nyingi huja karatasi ya nyongeza yenye masharti ya kazi, na wengi hawaisomi. Yafaa isomwe kwa msaada wa mwenye kujua lugha, maana ikiwa imetaja jina la mwajiri, mtu asihamie kwa mwajiri mwingine kabla hajauliza ofisini.

Sasa twafika penye jambo ambalo twataka kila msomaji alishike, awe kule au awe nyumbani. Ofisi nyingi zina kazi kuliko makarani wake, na viza haingoji karani. Mtu huamka asubuhi akaona tarehe iliyo katika pasipoti ilikuwa jana, na jibu halijaja. Je, amekuwa mvunja sheria? Wengine huogopa, wakaacha kazi, wakajificha ndani, au wakakimbilia nchi ya pili. Na kwa kukimbia ndipo wakaharibu mambo yaliyokuwa salama. Sheria ya ukaazi imejibu swali hili katika kifungu cha 81. Yasema kwamba mwenye viza ya kukaa, au mwenye kibali, akiomba kabla tarehe haijapita, ruhusa yake ya zamani yahesabiwa kuwa ingali hai mpaka ofisi itakapotoa neno. Kazi aliyoruhusiwa jana, na leo aruhusiwa. Kukawia kwa ofisi hakumhukumu. Aliyeomba baada ya tarehe kupita hana ngao hiyo. Ofisi yaweza kumrudishia ikiona kwamba akiachwa atapata taabu isiyostahili, lakini hapo yeye amekuwa mwombaji wa huruma, na mwenzake aliyewahi kwa siku moja anasimama juu ya haki.

Aliyeomba kwa wakati hupewa cheti kinachoitwa Fiktionsbescheinigung, yaani cheti cha kuhesabiwa kuwa na ruhusa. Ada yake ni euro 13. Ni karatasi iliyokunjwa, haina uzuri wa kadi, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Lakini ndicho mtu anachomwonyesha mwajiri, na polisi, na karani wa benki. Ofisi isipokitoa yenyewe, na aulize. Akikipata atazame ni fungu gani la kifungu cha 81 lililotiwa alama. Fungu la 4 ndilo la yule mwenye viza ya kukaa au kibali cha zamani, naye aweza kusafiri na kurudi akiwa na cheti hicho pamoja na pasipoti na ile hati yake iliyokwisha muda. Fungu la 3 ni la mtu aliyekuwa nchini kwa halali bila ya viza wala kibali. Huyu aruhusiwa kukaa akingoja, lakini akitoka nchini cheti chake hakimrudishi. Vyeti hivi viwili vyafanana kwa sura, na tofauti yake ni alama moja ya kalamu.

Msiba hauangalii kalenda ya ofisi. Simu yalia usiku, mama amefariki, mazishi ni keshokutwa, na ukoo wasema, "Njoo." Tuseme mtoto aliomba kwa wakati, hana kosa lolote, lakini tarehe ya viza imepita naye hajachukua cheti. Akiwa ndani ya Ujerumani yu halali. Akitoka, hana karatasi ya kumwonyesha askari wa mpaka wala karani wa ndege atakaporudi, na huenda akalazimika kuomba viza mpya ubalozini, akangoja majuma au miezi, na kazi haitamngoja. Kwa hiyo cheti kichukuliwe mapema, siku ambazo hakuna anayeumwa. Msiba ukiwahi kabla yake, apeleke ofisini taarifa ya kifo kwa maandishi na kuomba apewe cheti upesi. Ofisi nyingine zina dirisha la mambo ya haraka. Na aliyekipata aulize kampuni ya ndege kabla ya kuondoka kama wanakijua, hasa ikiwa ndege itapita nchi nyingine njiani. Kwa maoni yetu wazee wanapaswa kuyajua haya kabla hawajasema katika matanga kwamba fulani ameipenda Ulaya kuliko mamaye. Pengine fulani analia peke yake chumbani, na kinachomzuia ni tarehe.

Aliyefika nyumbani naye asijisahau. Kibali cha ukaazi hufa chenyewe mtu akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, hata kama kadi yasema miaka miwili bado. Mama aliyerudi kujifungua kwa wazazi, au mtoto wa kiume aliyebaki kugawanya urithi, aweza kupewa muda mrefu zaidi, ila sharti auombe ofisini kabla muda haujakwisha, na ulio bora ni kabla ya kuondoka. Na mtoto akizaliwa kule kwa wazazi wageni, asidhaniwe kuwa yumo katika kibali cha mama. Naye ana kibali chake, na kisipotolewa na ofisi yenyewe kiombwe kabla hajatimiza miezi sita.

Kuzuiwa mlangoni si jambo geni kwa watu wa lugha yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Akamwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata walisafiri pamoja kwenda Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Lakini wakubwa wa serikali ile hawakuwaruhusu kushuka, kwa kuwa hawakutaka ndoa ya namna hiyo ionekane katika koloni. Wakarudi Ulaya, naye akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1927. Yeye hakuwa na kifungu cha sheria cha kukishika mkononi. Wa leo anacho, ndiyo maana yafaa akijue kwa namba yake.

Pasipoti nayo iangaliwe, maana kibali hakipewi muda unaopita ule wa pasipoti. Balozi za Kenya na Tanzania ziko Berlin, na mtu akaaye Munich atasafiri mbali, basi asingoje mwezi wa mwisho. Aliyekaa vema, akalipa michango ya malipo ya uzeeni miezi 60 na kujua Kijerumani cha kutosha, kwa kawaida aweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka mitano. Mwenye ujuzi uliotambuliwa aweza kukipata mapema zaidi. Habari za kibali hicho ni ndefu, zataka siku yake.

Mtu asiyeelewa barua aliyoipata asimwendee kwanza jirani mwenye maneno mengi. Mashirika ya makanisa ya Ujerumani, Caritas na Diakonie, yana ofisi za ushauri kwa wageni katika miji mingi, na hayaulizi dini ya mtu wala hayatozi kitu. Huduma hiyo huitwa Migrationsberatung, na kwa vijana wasiozidi miaka 27 iko nyingine iitwayo Jugendmigrationsdienst. Huko mshauri huisoma barua pamoja na mwenyewe, husaidia kujaza fomu, na mambo yakiwa ya mahakama humwonyesha njia ya kumpata wakili. Aende na bahasha, na barua, na pasipoti. Nao wazazi nyumbani waweke mahali pakavu vyeti vya asili vya kuzaliwa, vya shule na vya ndoa, na mtu mmoja katika nyumba ajue vilipo, kwa sababu siku ofisi itakapoviomba itatoa labda majuma mawili tu, na posta ya kwenda Ulaya nayo yataka siku zake.